Hati ya kimila ya shamba: jinsi sheria ya ardhi ya 1999 inavyofanya kazi kijijini, hatua kwa hatua (mwongozo kamili)

Wengi wanaouliza kuhusu hati ya shamba la kijijini wanaanza na shilingi ngapi na inachukua siku ngapi, wakishajibiwa wanapotea, unakuja kuwasikia tena siku jirani ameng'oa masale ya mpaka na kulima mpaka mlangoni kwao. Swali la kwanza linatakiwa liwe kijiji chako kimefika wapi. Hati ya kimila, yaani ile karatasi inayothibitisha haki yako ya shamba la kijijini, haiombwi na mtu mmoja ikatoka kwa mtu mmoja kama leseni ya udereva, kuna vitu kijiji kizima lazima kiwe navyo kabla jina lako halijaandikwa popote, na kama havipo unaweza kwenda wilayani hadi soli iishe, watakurudisha kwa mtendaji wa kijiji tu.

Kwahiyo ntaeleza yote kuanzia huko, mimi kazi yangu ni usaidizi wa kisheria vijijini na haya ndo mambo tunayokutana nayo. Naongelea Tanzania bara tu, Zanzibar wana sheria zao.

Kidogo tuelewe sheria ilitokea wapi, ntafupisha. Mwaka 1991 serikali iliunda tume chini ya Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi kusikiliza watu kuhusu ardhi. Tume ikapendekeza pamoja na mengine ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji wenyewe, iondoke mikononi mwa serikali kuu. Hilo serikali haikulichukua. Sera ya 1995 ikabaki palepale kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini, alafu 1999 bunge likapitisha sheria mbili, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ya kwanza inahusu zaidi ardhi ya jumla, yaani mijini na mashamba makubwa yenye hati za wizara. Ya pili ndo yetu, na kitu kikubwa ilichofanya ni kushusha usajili mpaka kijijini: masijala (ofisi ya kumbukumbu za ardhi) iko kijijini, kamati ya uhakiki wa mipaka na wamiliki inachaguliwa kijijini, anayetoa hati ni halmashauri ya kijiji, wilaya inapiga muhuri na kusajili.

Kwenye karatasi ni nzuri sana. Ila leo zaidi ya miaka 20 baadaye kuna vijiji vingi tu masijala hakuna, kabati hakuna, na mtendaji anahifadhi daftari la ardhi nyumbani kwake chini ya kitanda. Tuna vijiji zaidi ya 12,000 nchi hii na kila kimoja sheria inakitaka kiwe ofisi ndogo ya ardhi, pesa ya kufanya hivyo imekuwa ikija kwa miradi, mradi ukiisha na kazi inasimama. Ndo maana kijiji kimoja kila mtu ana hati na cha jirani hata mpaka wake wenyewe haujulikani.

Jambo moja kabla hatujaingia kwenye hatua. Kukosa hati hakukufanyi usiwe na haki. Kama unamiliki shamba kwa mila, umerithi au uligawiwa na kijiji, haki yako ipo kisheria tayari na kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema haki ya kimila ina hadhi sawa kabisa na ile hati ya wizara. Hati inaithibitisha tu. Nasema hivi maana kuna matapeli wanapita kutisha wazee, "mzee usipolipia hati serikali inachukua shamba." Hakuna kitu kama hicho.

Kwanza hakikisha ardhi yako ni ya kijiji kweli

Ardhi iko makundi matatu: ya jumla, ya vijiji, na ya hifadhi. Kama shamba lako limeingia ndani ya hifadhi ya msitu au wanyama, hati ya kimila sahau, hata kama babu yako kazikwa pale. Kama eneo limeshatangazwa kuwa la mipango miji, mchakato wake ni mwingine, ule wa urasimishaji na hati ya wizara.

Hapo kuna mtego ambao wanasheria wanaujua ila wanakijiji hawaambiwi. Sheria namba 4 inapotafsiri ardhi ya jumla inaongeza maneno "pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika". Sheria namba 5 haina maneno hayo. Sasa pori la akiba la kijiji, lile mnalolisha ng'ombe kiangazi na kuokota kuni, mtu akija na macho ya uwekezaji anaweza kusema hili halitumiki. Dawa yake ni kuliandika kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kwamba linatumika na kwa kazi gani, tutafika huko.

Hatua ya kwanza: cheti cha ardhi ya kijiji

Hiki ni cheti cha kijiji kizima, kinatolewa na Kamishna wa Ardhi kikionyesha mipaka ya kijiji na kwamba halmashauri ya kijiji ndo msimamizi. Bila hiki hakuna hati ya mtu mmoja mmoja. Nenda ofisi ya kijiji, muulize mtendaji, "mtendaji, cheti cha ardhi ya kijiji kiko wapi, naomba nikione." Sio kuambiwa kipo, uoneshwe. Mara nyingi jibu linakuwa kiko wilayani, sawa, basi upate nakala.

Angalia jina lililoandikwa. Vijiji vinagawanywa kila ukikaribia uchaguzi, kijiji kimoja kinazaa viwili, na cheti kinabaki na jina la kijiji mama. Kama nyinyi ndo kijiji kipya, hamna cheti, mnatakiwa mkubaliane mipaka upya na wenzenu, muhtasari usainiwe na pande zote, wapimaji waje, ndo muombe chenu. Hili linakwamisha watu kuliko hata pesa, kwasababu hakuna mwenyekiti anayetaka kuonekana ndo aliyekubali kupoteza bonde lenye maji.

Hatua ya pili: mpango wa matumizi ya ardhi

Huu unaongozwa na Sheria namba 6 ya 2007 na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, mwongozo wao una hatua sita: maandalizi, tathmini shirikishi, kuchora ramani ya matumizi yaliyopo, kupanga, kisha usimamizi wa ardhi ambapo hati zinatolewa, na mwisho usimamizi wa kina wa matumizi. Vijiji vingi vinaishia ya nne. Ramani yenye rangi nzuri inabandikwa ukutani, wageni wanapiga picha, basi.

Mpango unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana sauti pale. Watu hawaendi. Wanasema ni porojo za viongozi, wanabaki shambani, alafu wakirudi wanakuta shamba lao liko kwenye rangi ya malisho. Nenda. Ukifika omba waeleze ramani kwa majina ya sehemu mnayoyajua, mto fulani, kilima cha nani, njia ya mnadani. Ukiachiwa tu "ukanda wa kilimo A" utapiga makofi kupitisha kitu usichokielewa.

Kwa wafugaji na wawindaji mpango ndo kila kitu, kwasababu wao wanachohitaji ni eneo la pamoja na sio ekari mbili za baba fulani. Sheria inaruhusu hati ya kimila ya kikundi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata ya kwao 2011, na kule Kiteto vijiji kadhaa viliungana kupanga malisho ya pamoja chini ya jina OLENGAPA, wakatenga eneo linalovuka mipaka ya vijiji maana ng'ombe hasomi ramani ya kijiji. Kama kijijini kwenu kuna wafugaji, pigania eneo la pamoja lisajiliwe kwanza kabla watu hawajaanza kupimiwa mashamba binafsi. Ukianza na binafsi, ikifika zamu ya malisho pamebaki mawe.

Hatua ya tatu: masijala

Chumba chenye mlango unaofungwa, kabati la chuma, madaftari ya usajili. Ni hayo tu lakini ndo yanayokosekana. Wilaya inatakiwa kukagua kama masijala ipo ndo hati zianze kutoka. Kijiji kinaweza kuchangishana matofali na nguvu kazi, mbona madarasa tunajenga. Hakikisha tu funguo ya kabati haishiki mtu mmoja, na ikinyesha mvua chumba hakivuji, panya na maji vimekula rekodi nyingi kuliko wezi.

Hatua ya nne: uhakiki shambani, hapa ndo pa kukaa macho

Ukisikia hati zinatoka, jua kazi yenyewe imefanyika hapa. Mkutano mkuu unachagua kamati ya uhakiki, wanaume kwa wanawake. Kuna uhakiki wa kijiji kizima, kitongoji kwa kitongoji, na kuna ule wa papo kwa papo kwa mtu mmoja aliyeomba. Wa kijiji kizima ni bora sana, unatoka rahisi na majirani wote wanakuwepo siku moja. Huu wa papo kwa papo ndo matajiri wanautumia, anakuja na gari, anapimiwa ekari zake, jirani wa upande wa mtoni anapewa taarifa baadaye.

Siku ya kupima inakuwaje. Mnafika shambani asubuhi, kuna wanakamati wawili watatu wazee wanaojua historia, kuna kijana mwenye GPS ya mkononi au simu, mwenye shamba, na majirani wote wanaopakana. Mnatembea mpaka mzima. Kwenye miradi ya Iringa Vijijini, kuanzia pale Ilalasimba, walitumia simu yenye picha ya satelaiti na vijana wa kijiji wenyewe wakafundishwa kuitumia, ikaonekana kazi inakwenda haraka kuliko kusubiri mpima wa wilaya na gari lake lisilo na mafuta. Lakini simu inarekodi tu mnachokubaliana, haiamui.

Mfano wa kawaida kabisa. Mnafika pembe moja, kijana anauliza "hapa tunakata kona?" mwenye shamba anasema ndio kwenye mnyaa ule, jirani anakaa kimya. Anakunja mikono. Wanaojua kazi hii hawaendelei. Mzee wa kamati anamgeukia, "baba Neema, mbona umenyamaza, mnyaa huu ni wa mpaka au ni wa ng'ombe?" ndo yanatoka sasa: mnyaa ulipandwa juzi, mpaka wa zamani ulikuwa kwenye mkonge ule uliokatwa, kisiki chake kipo, wanaenda wanafukua majani wanakiona. Mnasimama pale hata saa nzima. Ni saa nzima iliyotumika vizuri, kwasababu kimya hiki kikiandikwa kama kukubali kinakuja kuwa kesi miaka mitano mbele.

Na hadithi utakayoisikia karibu kila kijiji ni ya operesheni ya kuhamishia watu vijijini. "Hapa palikuwa pa baba kabla ya Operesheni Vijiji, tukahamishwa, huyu akapewa." Kwa hili sheria imeshakata, kifungu cha 15 cha Sheria ya Vijiji kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya mwanzo wa 1970 na mwisho wa 1977 kwenye operesheni ile. Inauma kwa familia zilizohamishwa, na mimi binafsi naona ilikuwa njia pekee maana bila hivyo nusu ya nchi ingekuwa mahakamani, lakini mueleweshe mzee kwa heshima, usimwambie tu sheria inasema.

Vitu vya kuangalia mwenyewe siku hiyo:

Majirani wote wawe wamepata taarifa kabla na sio jana yake usiku. Aliyesafiri awe na mwakilishi anayejulikana. Kila jirani asaini au aweke dole gumba kwenye fomu ya uhakiki, na sahihi iwe ya mwenye shamba na sio ya mtoto wake aliyekuwa anapita.

GPS ya mkononi inakosea mita chache, kawaida. Kwenye shamba la ekari kumi huko Mbozi haina shida, kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha Uchagga chenye upana wa hatua ishirini ni balaa, kwahiyo sehemu za msongamano waambie waandike alama za asili kwenye fomu, sale, mnyaa, mkonge, mfereji, jiwe kubwa. Ukija ugomvi, alama ndo zitakazosimama.

Kama shamba lako linagusa mto, ziwa au chanzo cha maji, jua Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kipande hicho wanaojua kazi hawakiingizi kwenye hati yako. Usigombane na kijana wa GPS, sio yeye.

Njia za watu na mifugo zitajwe. Mtu akipimiwa mpaka akaziba njia ya kwenda kisimani, kijiji kizima kitamchukia na hati yake.

Hatua ya tano: jina la nani

Hapa pia tukae kidogo. Fomu ikija baba anaandika jina lake, karani anaandika, wote wanaona kawaida. Sheria ya Vijiji kifungu cha 20 inasema mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiwango hicho. Kwahiyo "sisi kwetu mwanamke harithi shamba" haina nguvu mbele ya kamati, na mwanakamati mwanamke yupo pale kwa kazi ya kusema hivyo kwa sauti.

Wanandoa wana njia mbili za kuandika. Umiliki wa pamoja, ambao mmoja akifariki aliyebaki anachukua lote moja kwa moja, na umiliki wa hisa, ambao kila mmoja ana sehemu yake na akifa inakwenda kwa warithi wake. Karani mara nyingi haelezi, anatiki tu. Muulize ametiki kipi. Kwa mke na mume wanaoelewana ile ya pamoja inamlinda mjane asifukuzwe na mashemeji, nimeona wajane wanakaa salama kwasababu ya tiki hiyo moja tu. Kwa ndugu wanaomiliki shamba la marehemu baba ni bora hisa, ili mmoja akifa watoto wake wasikose.

Kwenye ndoa za wake wengi msiweke majina yote kwenye shamba moja kwa huruma. Kila mama apimiwe shamba analolima, awe na hati na mume wake kwa kipande hicho. Mkiweka wake watatu kwenye hati moja mnawaandalia watoto wao kesi.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Mama anayejulikana kijiji kizima kama Mama Sikujua na NIDA inasema Scholastika, iandikwe Scholastika na lile la kijijini liwekwe kwenye maelezo ya uhakiki. Kuja kurekebisha baadaye ni safari za wilayani. Watoto chini ya miaka 18 wanaweza kuwa na haki, wanaandikiwa na msimamizi au mlezi, na iandikwe wazi kwamba ni msimamizi, isije ikasomeka shamba ni lake.

Hatua ya sita: pingamizi, halmashauri, sahihi

Orodha ya mashamba yaliyohakikiwa na ramani inabandikwa sehemu ya wazi, ofisi ya kijiji, mtini panapokaa watu, ili mwenye pingamizi aseme. Kasome. Tafuta jina lako, namba ya shamba, ukubwa, majina ya majirani. Asiyejua kusoma aende na mjukuu.

Kisha maombi yanakwenda halmashauri ya kijiji. Sheria inawapa siku 90 kuamua ombi la hati. Kama shamba ni la kugawiwa upya, yaani kijiji ndo kinakupa sasa, halmashauri haiwezi kukupa bila idhini ya mkutano mkuu. Rudia hiyo sentensi kwa sauti kama wewe ni wa mjini unayetaka kununua ekari hamsini kwa mwenyekiti. Mwenyekiti peke yake hauzi ardhi ya kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wakiwa wawili bado hawauzi. Omba muhtasari wa mkutano mkuu wenye orodha ya mahudhurio na sahihi, hakikisha pia mkutano ulifanyika kweli siku hiyo kwa kuongea na watu wa kawaida, mama wa mgahawa anajua mkutano ulikuwepo au haukuwepo.

Hati yenyewe inasainiwa na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, mmiliki anasaini au anaweka dole gumba kila ukurasa, picha ndogo inabandikwa, alafu inakwenda kwa afisa ardhi wa wilaya anasaini, anagonga muhuri na kuisajili. Nakala tatu: yako, ya kijiji, ya wilaya. Hapa wilayani ndo foleni inapokaa, hati mia tatu zinasubiri sahihi ya mtu mmoja. Njia nzuri ni kijiji kufuatilia kwa pamoja kupitia diwani, mtu mmoja mmoja akifuatilia anaombwa "nauli". Malipo yoyote ya halmashauri yawe na kontrol namba, ya kijiji yawe na risiti. Asiye na hivyo viwili hapokei malipo, anakuomba tu.

Ukishaipata

Kwa mwanakijiji haki hii kwa kawaida haina kikomo cha muda. Kwa asiye mwanakijiji au taasisi inaweza kuwa na muda maalumu, mpaka miaka 99. Mtu asiye raia hapati hati ya kimila, wa namna hiyo ana njia yake kupitia uwekezaji.

Kuuza kunaruhusiwa lakini halmashauri ya kijiji lazima ijulishwe na kuridhia, hasa mnunuzi akiwa wa nje. Na mwenzi wako lazima akubali. Mkishauziana kwa mkataba wa karatasi ya daftari na mashahidi wawili mkaishia hapo, daftari la kijiji bado linasema shamba ni la muuzaji. Peleka mauziano masijala yaandikwe.

Mkopo benki inawezekana kisheria, kwa uhalisia benki nyingine zinaipokea vizuri na nyingine zinaiangalia kama cheti cha ubatizo. Uliza kwanza kabla hujapoteza nauli, na uliza wanataka wilaya isajili rehani wapi.

Wale mnaokaa Dar au Mwanza na shamba liko kijijini mnasoma hii: ardhi iliyoachwa bila kutumika kwa miaka mitano au zaidi inaweza kutangazwa kuwa imetelekezwa. Kuna taratibu, kuna notisi, halmashauri inatakiwa iangalie sababu, ila usiwape nafasi. Mkodishie mtu msimu kwa maandishi, au mwambie ndugu alime, na jina lake liandikwe kama mlimaji tu.

Mirathi sasa. Hati nyingi nchini zina majina ya marehemu. Mzee akifariki, familia inakaa kikao, inamteua msimamizi wa mirathi, inakwenda mahakama ya mwanzo, akishathibitishwa anaenda na barua masijala ya kijiji kubadilisha jina. Msiache. Kizazi kimoja kikipita bila kubadilisha, daftari la masijala linakuwa orodha ya makaburi na usajili wote mliouhangaikia umekufa kifo cha kimya.

Mkigombana

Anza baraza la ardhi la kijiji, watu saba, angalau watatu wanawake, kazi yao ni kusuluhisha tu, hawana mamlaka ya kukata shauri. Ikishindikana nenda baraza la kata. Watu wengi bado wanadhani baraza la kata linahukumu, zamani ndio, lakini marekebisho ya sheria ya 2021 yaliwaondolea, sasa nao wanasuluhisha, na ndani ya siku 30 wakishindwa unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hakikisha unapata ile hati yao ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana, bila hiyo wilayani watakurudisha. Juu yake ni Mahakama Kuu. Na usikae na kinyongo muda mrefu, kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12.

Kijiji kikigeuka mji

Hili linakuja kwa kasi, barabara ya lami ikipita tu. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, shamba lenye hati ya kimila linaingia kwenye viwanja. Haki yako haifutiki kwa tangazo, ila utaratibu unabadilika na unaweza kupangiwa barabara au shule katikati ya shamba, hapo unastahili fidia na hati yako ndo ushahidi wa ukubwa na jina. Tofauti na hiyo ni uhawilishaji, kijiji kutoa ardhi iwe ya jumla kwa ajili ya mwekezaji: ikiwa haizidi hekta 250 mkutano mkuu ndo unaoamua, ikizidi hapo mkutano unatoa maoni na Waziri ndo anaamua. Kwahiyo ukisikia mkutano wa dharura umeitishwa siku ya mnada saa nane mchana wakati watu wako gulioni, ajenda ni mwekezaji wa hekta 240, acha biashara uende, na uombe muhtasari uandikwe kwamba umepinga au umekubali na kwa masharti gani, fidia ya nani ni kiasi gani na inalipwa lini kabla trekta halijaingia.